Mraba Alioukamilisha Kisa

Busale, Kyela
14 Mei

Kwako Baba Kisa,

Ugonile, ndugu yangu. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Karonga, na kwamba miguu ya Mama Kisa imepungua kuvimba. Sisi tumo. Mvua ilizidi na mpunga wa bondeni ukalala majini, ila mama yako alivuna wake mapema, maana yule haambiwi na mtu. Mimi presha inapanda na kushuka. Mke wangu anasema ni kahawa, lakini si kahawa.

Hezroni, tangu tulipokaa dawati moja ulikuwa ukiniamini. Mwaka jana uliponipigia simu kuuliza kama kweli binti yako aliiba majibu ya mtihani, nilikujibu ndiyo. Hukuniuliza mara ya pili. Ulisema mwizi si mwanao, na nasikia mpaka leo hujazungumza naye.

Acha nikueleze ilivyokuwa. Swali la mwisho liliwataka wathibitishe kwamba x² − 6x + 11 haiwezi kuwa hasi, hata x iwe namba gani. Wenzake walijaribu sifuri, moja, mbili, wakaona majibu yote ni chanya, wakaridhika. Ndivyo nilivyowafundisha, kwa uvivu wangu. Kisa peke yake aliandika kwamba hiyo ni sawa na (x − 3)² + 2; mraba wa namba yoyote haushuki chini ya sifuri, kwa hiyo jumla haiwezi kupungua mbili. Mistari mitatu tu. Ilifanana na mwongozo wa usahihishaji uliokuwa mezani kwangu, na asubuhi ile yeye ndiye aliyefagia ofisi. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi mwalimu nilisahau. Nikamwita mwizi mbele ya darasa, na mkuu wa shule akamfukuza.

Sasa lililo zito. Wiki ileile, nikikagua madaftari, nililikuta la kwake. Alikuwa amejitungia maswali kumi na mawili ya namna hiyo na kukamilisha mraba kwa kila moja, tarehe zikiwa za mwezi mzima kabla mwongozo haujafika shuleni. Moja alikosea alama, akalikata, akalirudia. Nilijua siku ile, Hezroni. Nikalificha daftari kabatini chini ya majoho ya kwaya, kwa sababu walikuwa wanataka kunipa ualimu wa taaluma, na niliona aibu. Cheo nikapewa. Naona aibu hata kuandika hivi.

Jumapili nilikwenda kwa mama yako. Kisa alikuwa anaanika kakao. Nilimwambia yote, nikapiga magoti. Nikamwambia nimekwisha kukiri kwa mkuu wa shule, na kwamba nafasi yake ipo akitaka kurudi. Hakulia, wala hakunitukana. Alipangusa mikono kwenye kanga, akaniuliza jambo moja tu, kama baba yake anajua. Nikamwambia nitakuandikia.

Daftari lake nimempa Jubilate, anayevuka mpaka na mchele kila Alhamisi, akuletee pamoja na barua hii. Tafadhali mpigie mwanao kwanza. Mimi hata usiponijibu, nitaelewa.

Msalimie sana Mama Kisa, na umwombe radhi kwa niaba yangu mpaka nitakapopata uso wa kuja mwenyewe. Ndaga, asante sana.

Ni mimi uliyeniamini,
Sylvester