Feza ya Murhula Ilivyokwisha Luhwindja

Luhwindja, siku ya soko

Mama yangu mupenzi,

Barua hii ikukute umekula, umepumzika, na mugongo umepunguza kuuma. Nsimire anaendelea na masomo? Baba mudogo bado anakohoa? Miye niko muzima. Tonton Bisimwa ananilisha vizuri, lakini kazi ya shimo iko nguvu. Tangu asubuhi niko ndani ya maji nasafisha muchanga wa dhahabu, mikono yote imepasuka.

Mama, hukuniuliza hata siku moja namna feza ya minervali, ile ya kulipa masomo yangu, ilienda. Ulilia tu, kisha ukanituma huku kwa ndugu yako. Leo nakuambia. Ilienda kwa Murhula, yule wa hapo Bukavu, mutaa wa Cimpunda, mwenye ulizoea kumupa chakula. Hakuniibia. Alicheka viatu vyangu mbele ya wasichana wa masomo, na wenzake wakacheka naye. Nikanunua patalo ya miguu mipana chini na viatu vya kisigino kirefu, kusudi nifanane nao. Hapo wakaanza kuniita patron, na patron analipia wenzake. Nikalipa pombe, sinema, mishikaki, mpaka feza yako ya kuuzisha samaki ndagala ikaisha. Siku prefe, mukubwa wa masomo, aliponifukuza kwa kukosa kulipa, nilipita mbele yao. Murhula akaangalia upande mwingine.

Basi, wakati wa likizo akafika hapa. Baba yake alimupa feza anunue dhahabu, aiuzishe Bukavu, faida ilipe masomo yake. Aliponiona akanikumbatia kama hakuna kilichopita. Nami nikamukumbatia. Nikamupeleka kwa vijana wa shimo letu, na kabla ya kufika nilikuwa nimewaambia wamuite patron.

Wakasifu shati lake, wakasifu hata mwendo wake. Siku ya kwanza alinunulia watu wane kasiksi, pombe ya ndizi. Siku ya pili, shimo zima. Alipotaka kuacha nilimuambia polepole, "Patron, watasema umeishiwa." Hayo yalikuwa maneno yake mwenyewe, Mama. Aliniambia vile kule Bukavu, na nilikuwa nimeyachunga moyoni mwaka muzima. Akaingiza tena mukono mufukoni.

Wiki haikufika mwisho. Feza ya baba yake ilikwisha, akauzisha saa, kisha shati, kisha viatu. Siku ya kurudi alikuja kwa Tonton na miguu mitupu, akaniomba nauli ya lori. Nilikuwa nayo. Sikumupa.

"Mushagalusa," akasema, "sababu gani umenitendea hivi?"

"Sikukutendea kitu. Nilikuwa rafiki yako tu."

Akashika njia na miguu. Nilimuangalia mpaka akapotea kwenye kona, na moyo wangu ulitulia namna haukutulia siku nyingi. Tonton alinigombeza sana, akasema niko na roho mbaya. Pengine ni kweli. Lakini sijamuomba mutu musamaha, wala sioni siku nitakayomuomba.

Unisalimie Nsimire, dada yangu mudogo, umuambie viatu vyake vya masomo vinatosha. Umusalimie baba mudogo, na yule nyanya jirani mwenye kuuzisha makala ya kupikia, mwenye alinipa ndizi za safari. Na mama ya Murhula akikuja kwako kuuliza kama nilimuona mutoto wake, mujibu ndiyo: huku alipata marafiki wengi.

Ni miye, mutoto wako wa kwanza,
Mushagalusa