Dakika Moja kwa Kila Mtu

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Kikohozi cha Mama kimepungua? Na shangazi aliyewapokea, bado anagombania redio nawe? Leo niache nisalimie kwa nafasi, sababu utaiona mbele. Mimi sijambo, ila miguu imevimba kwa kusimama.

Mafuriko yaliiachia kampuni yetu minara miwili tu ya simu. Mmoja tuliuwashia jenereta, wa pili tukaubebea betri mabegani, maji yakiwa kiunoni. Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza. Mji mzima ulishika simu kwa mpigo, laini zikajaa pomoni. Mkuu wetu, tunayemwita Jenerali kwa kupenda amri, alitaka raia wafungiwe, laini zibaki za waokoaji peke yao. Nilikataa katakata. Nilimuuliza waokoaji watajuaje pa kwenda kama walio juu ya mapaa hawasikiki. Nikasema kila mtu apewe dakika moja, kisha simu ikatike, mwingine apite. Aliguna, akasema likiharibika ni juu yangu. Nikaweka mtambo hivyo mwenyewe.

Jirani yenu muuguzi akapata laini. Kwa pumzi moja akawaeleza waokoaji kuwa kuna wazee wawili juu ya paa, nyuma ya shule. Boti ikaja.

Dada ananiambia kila mgeni unamsimulia ulivyonipigia kutoka kwenye paa hilo, ukauliza hali yangu, ya mkweo, ya wajukuu mmoja mmoja, na kabla hujafikia habari ya maji simu ikakatika, kisha chaji ikaisha. Umeapa ukimpata mshenzi aliyekata utamchapa bakora.

Baba, mshenzi huyo ni mimi. Nilijaribu kukudakia nikuulize mko wapi, ukanikemea kwamba salamu haikatizwi. Sekunde zilikuwa zikiisha mbele ya macho yangu, na kwa sauti yako tu nilijua mko hatarini. Ningeweza kukuongezea, kidole kilikuwa pale pale. Nililia, lakini sikuongeza, maana nyuma yako walisubiri watu nisiowajua. Sikujua kwamba mmoja wao ni yule muuguzi, jirani yenu.

Mvua zitarudi, na dakika itabaki moja, hata kwako. Siku hiyo nipigie, uanze na maji. Salamu nitazifuata mwenyewe nyumbani, na bakora nitaipokea huko huko.

Nisalimie Mama, shangazi, dada na muuguzi, bila haraka.

Mwanao mtiifu kwa yote isipokuwa hili,
Kichwa Kigumu, kama ulivyoniita