Habari za Bendi ya Vumbi

S.L.P. 127,
Shinyanga.
14 Oktoba, 1984

Mpendwa Mama Mdogo Mwanne,

Assalaam alaykum, na shikamoo Mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Buyenzi, wewe na Baba Mdogo na watoto. Goti lako je? Mara ya mwisho ulisema linakusumbua unapoinuka kuswali. Sisi huku hatujambo. Baba kifua kilimbana wakati wa kipupwe lakini sasa anakwenda msikitini kwa miguu yake mwenyewe. Mvua bado. Mawingu yanapita tu juu ya Ngokolo kama wageni wasiotaka kukaribishwa.

Barua yako nilipewa na yule dereva wa lori la chumvi. Nimeisoma, nikaisoma tena. Umeniomba nije Bujumbura tushone pamoja, kwa kuwa umesikia bendi yetu ilikufa na mimi nazeeka bure nikiimba kwenye harusi za watu. Mama, sitaki nikuzungushe. Sitahama. Cherehani zako nazipenda, na wewe nakupenda zaidi, lakini sitahama. Wewe ndiwe uliyenifundisha kaswida nikiwa sijaota meno ya mbele, kwa hiyo una haki ya kujua kwa nini. Umesikia vipande vipande. Acha nikusimulie yote.

Ulipoondoka kwenda Burundi mimi nilikuwa nikiimba na akina mama wa mjini tu. Mwaka 1973 walinialika kwenye harusi kule Mwadui, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi. Umeme ulikuwepo, na kipaza sauti kikakataa. Akaitwa fundi umeme mmoja, kijana mrefu Mkatoliki anayeitwa Pantaleo. Alitengeneza kipaza sauti, lakini hakuondoka. Alisimama mlangoni mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza, "Dada, hiyo sauti unayoivuta vile, unaweza kuivuta juu ya gitaa linalonguruma?"

Nilidhani ananitania. Kumbe alikuwa na gitaa la umeme na spika aliyoiunda mwenyewe, na usiku alikuwa akisikiliza stesheni za ng'ambo zinazopiga muziki wa roki. Alipolipiga lile gitaa likakwaruza na kuunguruma kama lori linalopanda mlima. Sikulipenda, Mama. Lakini sikuweza kuliacha likapita bila kulijibu.

Wa tatu alikuwa Bujiku, wa Tinde, kiongozi wa kikundi cha bugobogobo, ile ngoma wanayopigiwa Wasukuma wakilima ili majembe yashuke pamoja. Pantaleo alimwona shambani akipiga, akamfuata mpaka kwake na kumwomba aje apige nasi ukumbini. Bujiku akamwuliza, "Nani atakayelima hapo ukumbini?" Lakini alikuja, pamoja na mkewe Limi, ambaye hakuna mtu aliyemwalika na bila yeye tusingefika popote. Gitaa la besi alilishika Donatus, mpole kutoka Bukoba.

Dansi yetu ya kwanza ilikuwa aibu. Watu walikuja wakitegemea rumba, wakasikia gitaa linapiga kelele, ngoma ya shambani inadunda, na juu yake mimi navuta sauti kama niko kwenye taarabu. Walisimama tu. Mmoja akauliza kwa sauti, "Sasa hii tunaicheza vipi?" Hapo Limi akaingia katikati, akainama, akacheza kama mtu anayelima, jembe hana. Wanawake wawili wa Kisukuma wakamfuata, na ukumbi wote ukainama nao. Kulikuwa na mlevi mmoja pale mlangoni aliyekuwa akitucheka kwa sababu tulifika juu ya lori tukiwa wekundu kichwa mpaka miguu. Akapiga kelele, "Vumbi hao! Vumbi!" Jina likabaki.

Tulizunguka miaka ile, Mama. Wakati wa kuuza pamba ndio tulikuwa hatulali nyumbani. Watu walianza kutujua. Wimbo uliopendwa zaidi ulikuwa wa Bujiku, wa shambani, mimi nikautilia maneno ya Kiswahili: "Udongo mwekundu, nipe nilichopanda," na watu wanaitikia, "Nipe! Nipe!" Baba hakupenda. Alisema hakunilea niimbe mbele ya walevi. Kwa muda mrefu nilikuwa nikirudi nyumbani napitia mlango wa uani.

Kilichotuvunja ni mashindano ya mkoa, mwaka 1977. Tulipiga vizuri kuliko siku zote. Kisha mwamuzi mmoja akasimama akasema hajui atuweke wapi. Sisi si ngoma, si dansi, si taarabu. Akatushauri tuchague kimoja tuje mwaka unaofuata. Hatukupata hata cheti cha kushiriki.

Pantaleo jambo hilo lilimuuma kuliko alivyoonyesha. Muda si mrefu hoteli moja ya Mwanza ikatuita tupige kila wikiendi, kwa sharti kwamba ngoma kubwa ibaki nyumbani, maana wageni wanalalamika inawapasua masikio. Pantaleo akakubali kabla hajamwuliza mtu. Tulikuwa uani kwa Donatus alipotuambia. Bujiku alikuwa anakaza ngozi ya ngoma yake.

"Ni kwa muda tu," Pantaleo akasema. "Tukishajulikana tutakurudisha."

Bujiku hakupandisha sauti. "Kwani nimekwenda wapi, hata unirudishe?" Akamaliza kukaza ngozi, akaiweka ngoma begani, akaondoka na mkewe. Limi hakutuaga.

Mwanza tulikaa kidogo. Bila ngoma ile, gitaa la Pantaleo lilikuwa kelele tu na mimi nilikuwa mwimbaji kama wengine. Baadaye vita vya Uganda vikaja, Donatus akaenda, na namshukuru Mungu alirudi salama. Kisha ukaja huu wakati wa shida wa kutopata sabuni, sembuse nyuzi za gitaa. Pantaleo alikuwa akifumua waya wa breki za baiskeli. Hakuna aliyetangaza kwamba bendi imekufa. Tuliacha tu kutafutana. Hapo ndipo habari uliyoisikia wewe ilipoishia, na ndipo mimi niliporudi kwenye harusi.

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, Pantaleo alikuja nyumbani. Alibisha mlango wa mbele. Alikuwa amekonda. Akaniambia amesikia Bujiku yuko Geita, kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Katoro, na anataka kwenda kumwomba radhi, ila peke yake hawezi. Baba alikuwa amekaa pale pale barazani. Nilidhani atamfukuza. Akasema, "Mtu anayekwenda kuomba radhi asindikizwe." Basi nikachukua khanga zangu.

Tulifika Katoro asubuhi na tukaenda kwa miguu mpaka machimboni. Ni vilima vyekundu vimetobolewa kila mahali, na kila shimo, wenyewe wanaliita duara, lina watu wake. Limi alikuwa na kibanda cha uji na maharage. Aliponiona alinikumbatia. Pantaleo akampa mkono tu.

Bujiku alikuwa anajiandaa kushuka pamoja na mwenzake, kijana wa Kisumbwa anayeitwa Maganga, mwenye mzaha mwingi, aliyetuuliza kama sisi ni wanunuzi. Pantaleo akamwendea Bujiku akavua kofia.

"Nimekuja kukuomba radhi. Na urudi."

"Nirudi wapi?" Bujiku alikuwa akijifunga kamba kiunoni. "Ulipoiacha ngoma ulibaki na bendi. Kaa nayo."

"Bendi haipo."

"Basi hatudaiani. Nina kazi."

Akashuka. Maganga akatupungia mkono, naye akashuka. Limi akatuambia, "Kaeni mnywe uji. Akipanda juu atakuwa amepoa."

Uji haujapoa, Mama, ardhi ikasema. Sijui niiteje sauti ile. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama gunia linatupwa chini, kisha vumbi likapanda kutoka kwenye duara lao. Watu wakakimbia kutoka kila upande.

Walianza kuchimba kila mtu kivyake, huyu anatupa udongo pale mwenzake alipokwisha kuuondoa, wanagombana, wengine wanapiga kelele kwamba kingo zitaporomoka tena. Mzee mmoja wa machimbo aliwakemea wasimame, hakuna aliyemsikia. Limi alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Halafu nikamwona anageuza debe la maji, anamwaga yote, analiweka chini na kuanza kulipiga kwa ule mwiko. Alipiga pigo la kulimia. Pantaleo akaelewa kabla yangu. Akachukua debe jingine akapiga magoti. Hakuwahi kuipiga ngoma ile maishani mwake, ila alikuwa ameisikiliza miaka yote.

Na mimi nikaimba. Nilikuwa na nini kingine cha kufanya? "Udongo mwekundu, tupe tulichopanda."

Wasukuma waliokuwemo wakaitikia kwanza, maana pigo wanalijua tangu mgongoni kwa mama zao. "Tupe! Tupe!" Majembe yakaanza kushuka pamoja. Kisha Wazinza, Wahaya, Waha, kila aliyekuwepo. Wakajipanga mstari, ndoo zikapita mkono kwa mkono, na hakuna tena aliyegombana, kwa sababu huwezi kugombana na huku unaitikia. Yule mzee wa machimbo akapata nafasi ya kuwaambia wapi waegemeze magogo.

Sauti yangu ilikauka nikaendelea. Jua lilikuwa limepita utosini pale aliyekuwa chini kabisa shimoni alipoinua mkono. Tukanyamaza wote. Chini kulikuwa na mlio wa chuma juu ya jiwe, mtu anagonga kwa tindo. Alikuwa hagongi ovyo. Alikuwa anaweka lile pigo la pembeni ambalo Bujiku peke yake alikuwa akilichomeka katikati ya wimbo. Limi akakaa chini. Pantaleo akaanza kupiga debe upya, machozi yanamtoka, na mlio wa chini ukamjibu.

Walimtoa jua likiwa bado liko juu, mguu wa kulia umevunjika, uso mwekundu wote, macho tu ndiyo meupe. Walimlaza juu ya khanga yangu. Pantaleo akainama juu yake. Bujiku akakohoa, akatema udongo, akasema, "Unakimbia. Tangu mwanzo mpaka mwisho pigo ulikuwa unalikimbiza." Pantaleo akacheka na kulia kwa pamoja kama mtoto.

Maganga walimtoa baadaye, amekwisha kufa. Gogo lilimwangukia mara tu ardhi iliposhuka, na Bujiku alikaa naye gizani muda wote ule akiwa amemshika mkono. Tulimsindikiza mpaka kwao, Ushirombo, Bujiku naye juu ya lori, mguu umefungwa kwa vijiti. Mama yake alituuliza kama aliteseka. Bujiku akamwambia hapana, na ni kweli. Usidhani nakuambia wimbo unafufua watu, Mama. Haukumfikia Maganga. Kila nikisimulia habari hii nahakikisha na yeye nimemtaja.

Bujiku hakushuka tena shimoni. Mguu uliunga vibaya, sasa anapiga ngoma akiwa amekaa. Pantaleo amehamia Katoro, anatengeneza redio, na Donatus tulimwandikia akaja na besi yake. Baada ya mavuno ya mwaka huu tulipiga tena pamoja kwa mara ya kwanza, penye uwanja karibu na mashine ya kusaga, mwenye mashine alitupa jenereta lake. Wachimbaji walikuja wengi. Tulipoanza wimbo ule nilifungua mdomo kuwafundisha kiitikio, wakanitangulia. Hakuna aliyeuliza tunacheza vipi. Wengine walivua kofia kwa ajili ya Maganga, wengine walicheza.

Hatutakuwa wakubwa, Mama, hilo nalijua. Redioni walitupiga mara chache zamani na sasa hawatukumbuki. Nakwenda Katoro kila mwisho wa mwezi kwa lori na kurudi nikiwa nimejaa vumbi, na Baba ndiye anayenifungulia mlango. Haulizi tulipiga nini. Ananipa maji ya kunawa.

Nataka nikuambie jambo la mwisho wa mwezi uliopita, kisha nikuache upumzike. Nilikuwa sokoni Katoro asubuhi, nasubiri lori. Palikuwa na mama mmoja anakaanga vitumbua, sijawahi kumwona, na alikuwa anaimba taratibu. Nilisikiliza. Ulikuwa wimbo wetu wa kunguru, ule wa kitoto, ambao tuliutunga kwa utani tukisubiri gurudumu lizibwe njiani tukauimba dansini mara chache, kisha tukauacha kwa kuona hauna maana. Aliuimba wote, mpaka pale ninapovuta sauti kama ulivyonifundisha wewe, na kwa mwiko wake alikuwa akigonga ukingo wa karai mahali pa ngoma.

Nikamwuliza, "Mama, wimbo huo umejifunzia wapi?"

Akaniangalia kama nimeuliza maji yanatoka wapi. "Huu? Huu ni wa zamani sana. Hata bibi zetu walikuwa wakiuimba."

Nilinunua vitumbua, nikamwambia, "Wabeja," asante ya Kisukuma. Sikumwambia neno jingine. Nilipanda lori, na nilikuwa na furaha mpaka Shinyanga.

Nisalimie Baba Mdogo na umwambie dawa ya kifua aliyompelekea Baba ilifika. Msalimu Muhidini, nasikia ameoa, na binti yako Mwahija mwambie asiache kusoma. Baba anakusalimu sana, na Limi, ambaye hujamwona, anasema anakujua. Mwenyezi Mungu akupe afya na goti lipone, akuzidishie riziki ya halali, na akikupa njia ya kuja huku kututazama, uje wakati wa mavuno.

Ni mimi mwanao, mwenye kukupenda kwa moyo mweupe,

Mwanaidi binti Sabiti