Walishangilia Nilipoanguka

Jumanne, Arlington

Na hakuna aliyeuliza kama nimeumia. Hata mmoja. Jumapili kanisani pasta aliniwekea mkono kwenye paji la uso, akanisukuma kichwa nyuma, ukumbi mzima ukazunguka, nikaanguka chali. Waumini wakapiga vigelegele: Roho amemshukia!

Roho gani? Ni kizunguzungu kilekile kilichonitoa kazini.

Leo mtaalamu wa fiziotherapia alinilaza, akanigeuza kichwa polepole, akakishikilia mpaka chumba kikatulia. Alisema kuna chembe ndogo sikioni zimehama mahali pake, na kugeuzwa hivyo huzirudisha. Nilitoka bila kushika ukuta. Nikalia.

Ndani ya gari mume wangu akacheka kwa furaha. “Unaona, Mama Grâce? Mungu amejibu. Jumapili utatoa ushuhuda.”

Nikamwambia ni sikio. Akaacha kucheka, akawasha gari.

Mtaalamu amenionya nisisukumwe kichwa hivyo tena. Lakini pasta ataninyooshea mkono, namjua. Nikianguka, watashangilia. Nikiusukuma mkono wake, watasema ni pepo linalokataa, na mume wangu ndiye atakayeitwa anishike.

Atanishika. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.