Rudisha Jina la Mzee

Kwa Kaka Hamisi, Kamembe.

Salamu zikufikie. Mimi ni mzima. Nakuuliza na wewe hali yako kwa sababu marehemu Mzee wetu alitufunza kuanza na hali, si kwa sababu nina hamu ya kuijua. Shemeji Asha namwombea apate nguvu haraka baada ya uzazi. Yeye sina ugomvi naye.

Nakuandikia kwa sababu simu unanikatia. Mara tatu umekata, mara ya nne ukampa Asha apokee aseme hupo, nami nakusikia unakohoa nyuma yake. Karatasi haikatiki kama simu. Utaichana, lakini utaisoma kwanza, nakujua.

Huku Lusaka umeme unaondoka karibu siku nzima. Cherehani ya umeme imekaa tu, nimerudi kwenye ile ya miguu, na magoti yananiuma kama mtu wa miaka sabini. Nashona sare za shule mpaka vidole vinakufa ganzi. Ndiyo maana sikuweza kuja mwanangu alipozaliwa, na ndiyo maana nilikuomba wewe, ndugu wa tumbo moja, usimame mahali pangu siku ya akika. Nilikupa kazi moja. Shehe akiuliza mtoto anaitwa nani, useme Ramazani. Basi. Hata kasuku angeweza.

Mke wangu Mwamini amenieleza yote. Nywele za mtoto zimeshanyolewa, nyama iko jikoni, watu wamekaa. Shehe akauliza, "Mutoto anaitwa nani?" Ukasema, "Kasimu." Maman akashituka: "Hapana, Hamisi. Yusufu alisema Ramazani." Na wewe, mbele ya majirani, ukamjibu mama aliyekuzaa: "Maman, wacha. Jina ya Mzee ni ya mutoto ya mukubwa. Asha iko na mimba, utaona."

Kasimu! Baba mkwe wako! Mwanangu, damu ya Mzee Ramazani, umemfanya zawadi ya kumfurahisha baba wa mkeo, ili jina la baba yetu likae likimngoja mtoto wako. Kesho yake somo wa mtoto, Mzee Kasimu mwenyewe, akaja na sukari na kanzu ndogo, anacheka meno yote nje, na Mwamini ikabidi ashukuru. Cheti cha kuzaliwa nacho ulikikimbilia mwenyewe, wewe ambaye kuingia chumba cha Maman kumjulia hali kunakuchukua wiki nzima.

Nani alikudanganya kwamba jina la babu linaangalia mkubwa na mdogo? Kwetu linamfuata mjukuu wa kiume wa kwanza, atoke mlango wowote. Mzee wetu mwenyewe, baba yake alikuwa ndiye mdogo wa nyumba yao. Alipewa jina la babu yake kwa sababu alitangulia kufika, na baba yake mkubwa alikubali, akanyamaza. Hadithi hiyo tuliisikia pamoja, tukila sahani moja. Hukuisahau, uliitupa.

Sasa Asha amejifungua mtoto wa kike. Mungu amkuze, ni binti yangu pia. Lakini wewe nimekucheka, Kaka. Nimecheka peke yangu kwenye cherehani mpaka mteja akaniuliza kama ninaumwa. Halafu nikasikia umesema jina la Mzee "litangoja mimba ingine." Hapo kicheko kikanikauka. Maman ana miaka mingapi ya kungoja? Macho yake yameanza kufifia. Tangu tumzike Mzee anataka kitu kimoja tu, kulisikia jina la mume wake likiitwa tena ndani ya nyumba ile, na yeye amtanie mjukuu kwamba ndiye bwana yake mpya.

Basi sikiliza vizuri. Ijumaa uwaite majirani wale wale na shehe yule yule, useme kwa mdomo ule ule kwamba ulikosea. Na cheti ukirekebishe, maana njia ya ofisini unaijua. Usipofanya, nitakuja kufanya mwenyewe, na wewe utakaa na wageni ule pilau unyamaze.

Nisalimie mdogo wetu Zaina, aache kulia kwa ugomvi wetu, hili si kosa lake. Shangazi wa kule Nyakarenzo mwambie kitenge chake kiko njiani. Mzee Kasimu naye msalimie, mwambie sukari ilinywewa na sina neno naye.

Maman usihangaike kumfikishia salamu, tumeongea jana kwa simu ya Mwamini. Alikuwa amempakata mtoto, mlango umefungwa, ananong'ona: "Ramazani, bwana yangu, umelala muzuri?" Ananong'ona, Hamisi, ndani ya nyumba aliyojengewa na mume wake, kwa kukuogopa wewe. Na mtoto anacheka. Mwamini anasema ukimwita Kasimu hata hageuki. Kama unabisha, simama mlangoni umwite. Ukichoka kuita, mwache Maman amwite mara moja.

Mdogo wako,
Yusufu, Papa Ramazani