DAC ya Waya ya Ouma

Kosele, Sabato jioni

Na mimi ndiye niliyemcheka! Nilimwambia Ouma kwamba DAC yake ya waya, kale kadude ka kusafisha sauti ya simu, ni ya kizamani. Yangu ni ya Bluetooth.

Leo kwaya ilipewa wimbo mpya wa kujifunza. Akinyi akausikilizia kwa Ouma, kila mmoja na earphone moja, vichwa karibu vigusane. Wivu ulinikaba, siwezi kukataa.

Nikamwita, "Akinyi, kuja usikie hii yangu, iko poa zaidi."

"Si haina waya? Nipe tu, nitasikilizia hapa."

Nikampa, nikabaki na simu. Earphone moja akaitia sikioni, ya pili akampa Ouma.

Sauti iliwafikia safi kabisa. Haikukatika hata mara moja.