Moto wa Kuazima

Jumatatu, 5 Mei 1997
Mvua asubuhi, jua mchana. Uji, kisha maziwa ya Masanja. Jioni kwenye banda la video la Mama Salome, Mlabani, kutafsiri filamu ya Kihindi. Sauti imekauka. Watu walicheka mahali pa kulia.

Mwandishi wa televisheni kutoka Dar alinisubiri mlangoni. Amefuata ugomvi wa Kisawasawa: ng'ombe wa Wasukuma waliingia kwenye mpunga, watu wakapigana fimbo, dungu moja la kulindia ndege likachomwa. Amefika moto umeshazimika. Hana picha. Akauliza kama nina filamu yenye kijiji na ng'ombe. "Ya kuazima tu, Mwalimu. Ya kusindikiza maneno."

Nilimpa kanda ya filamu moja ya Kireno. Hata sehemu nilimwonyesha. "Hapa," nilisema, "pana moto mzuri."

Jumatano, 7 Mei
Mwandishi amerudisha kanda. Amenakili alichotaka, ameshukuru, ameondoka. Nilijua anakwenda kufanya nini. Niandike hivyo hivyo: nilijua. Nilifurahi kuulizwa.

Ijumaa, 9 Mei
Imetoka. Mama Salome ana dishi, na hufungua taarifa ya habari kabla ya filamu. Nyumba za nyasi zinawaka, mwanamke anakimbia na chungu, ng'ombe wanatimka. Msomaji akasema: Kisawasawa, bonde la Kilombero, wafugaji wachoma kijiji.

Kisha mtu mmoja nyuma: "Kumbe ilikuwa hivi. Sisi tukaambiwa dungu."

Nikaanza kutafsiri filamu iliyofuata.

Jumapili, 11 Mei
Baada ya ibada hakuna aliyezungumzia kitu kingine. Sokoni hawanunui maziwa ya Wasukuma. Masanja, jirani yangu Msukuma hapa Lipangalala, amerudi na madumu yamejaa. Hajawahi hata kufika Kisawasawa. "Shikamoo mzee. Leo chukua yote. Ng'ombe wangu hawatazami habari." Akacheka peke yake.

Maziwa yamelala mezani. Sikuweza kuyanywa.

Jumanne, 13 Mei
Kikao cha mtaa Ijumaa. Ajenda moja: wafugaji waondoke kabla ya mavuno. Mke wa Masanja ni mjamzito, na mbuga bado imejaa maji. Hakuna pa kupitisha mifugo. Ameniomba nimsemee, kwa kuwa mimi nami ni mtu wa kuja. Nikamwambia nitafikiri. Nitafikiri! Nimejaribu kusoma. Ukurasa uleule, jioni nzima.

Anayenizuia kusema si yule mwandishi. Ni mimi. Filamu ile niliitafsiri bandani mwaka juzi. Kawaida yangu ni kuwapa wahusika majina ya huku ili watu wafuate hadithi. Siku ile niliwapa majina ya nyumbani. Nilisema: hiki ni kijiji chetu, Msumbiji, kusini mwa Ruvuma, siku Wareno walipokichoma. Picha halisi, nilisema. Akina mama walilia. Tangu hapo nikawa naachiwa kiti cha mbele. Safari hii habari zilionyesha kipande kifupi tu, hakuna aliyekitambua.

Kijiji chetu kilichomwa kweli. Lakini hakuna aliyekipiga picha. Hata mimi moto wenyewe sikuuona. Nilikuwa nimeshavuka mto.

Alhamisi, 15 Mei
Bandani nimeionyesha ile filamu ya Kireno yote, bila kutafsiri hata neno. Moto ulipofika, watu wakaanza kunong'ona. Majina ya waigizaji yalipopita nikasimama.

Nikasema mwenye chungu ni mwigizaji. Nikasema kanda ile mwandishi nilimpa mimi.

Fundi baiskeli wa pale kona akainuka. "Ngoja, Mwalimu. Kwa hiyo Kisawasawa kijiji hakikuchomwa."

"Hakikuchomwa."

"Na kule kwenu je? Si ulisema ni huu huu?"

"Moto huu si wa kwetu."

"Mama yangu alikulilia, mzee." Akatoka. Wengine wakamfuata.

Mama Salome alikuwa anakunja waya. "Sasa tukuamini lipi?" Aliuliza bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ijumaa, 16 Mei
Kikao kimekuwa kifupi. Wafugaji wanabaki, ng'ombe wakae mbali na mpunga hadi mavuno yaishe. Nilizungumziwa mimi zaidi kuliko ng'ombe. Wapo wanaosema huenda hata huko Msumbiji sikuzaliwa.

Mama Salome amepata mtafsiri mwingine. Ni haki yake.

Jumapili, 18 Mei
Sikwenda popote. Alasiri Masanja alikuja mikono mitupu, akavuta kigoda. Aliuliza kwetu kulikuwaje hasa, kabla ya moto.

Nikaanza na mlango. Ulitazama mtoni. Kuta za udongo mwekundu. Baba alizipaka upya kila kiangazi.

"Na jiko, mzee, lilikuwa upande gani?"

Kila jiko lililonijia lilikuwa la kwenye kanda.

"Sijui," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Tukaendelea kukaa mpaka jua likaondoka uani.